Salamu Iliyobaki Mlangoni

Siku ya kwanza, Zamzam alijibiwa salamu na nyumba isiyokuwa na mtu.

Alikuwa ametoka soko la Toi, jua la alasiri likimchoma kisogoni, kiondo mkononi, mtandio umelowa jasho. Akatoa ufunguo kifuani, akafungua kufuli, akasukuma mlango. Kisha akasema kama alivyofunzwa na marehemu mama yake kule Kibos, kwamba hata nyumba ikiwa tupu uisalimie, usiingie kimya kama mwizi:

"Assalamu alaykum."

"Waalaykumu salaam. Mbona umechelewa?"

Ilikuwa sauti ya mkwewe, Bi Kaltuma, ile yenye mkwaruzo wa kifua. Ilitoka kule ndani, mwisho wa ukumbi.

"Nisamehe, Mama, yule wa samaki alinichelewesha, kila mtu anataka akatiwe mkia..."

Kiondo alishakiweka chini, nyanya alishaanza kuzipanga kwenye sinia, ndipo mkono ukasimama. Kufuli. Si ameifungua yeye sasa hivi, kwa nje? Ufunguo si huu hapa, bado unaning'inia kidoleni?

"Mama?"

Kimya. Akaenda polepole mpaka chumba cha mkwewe, akasogeza pazia. Kitanda kimetandikwa, msala umekunjwa, tasbihi iko juu ya mto. Hakuna mtu. Ila palikuwa na harufu, harufu ya jivu la moto lililomwagiwa maji, na jiko lilikuwa halijawashwa tangu asubuhi.

Bi Kaltuma alirudi baadaye, kamshika mkono mjukuu wake Sauda, wametoka Laini Saba kumjulia hali mgonjwa. Akatoa salamu mlangoni. Zamzam akamjibu, akamtazama miguu kama ina vumbi. Ilikuwa na vumbi.

"Unaniangalia nini, mwanangu, kama unaninunua?"

"Hapana, Mama. Nilikuwa nawaza."

Wala hakusema. Angesemaje? Yeye ni mtoto wa watu, ameletwa mtaa huu wa Makina kuolewa, nyumba si yake. Aseme nini, kwamba kuta zimemwitikia? Angeambiwa wa Kibos wana wazimu. Akameza, na likakaa hukohuko tumboni.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya zamani, ya wale Wanubi wa kwanza kwanza, kuta za udongo zilizopigwa lipu, bati limekula kutu mpaka likawa jekundu. Mbele wanaishi wenyewe, nyuma wamejenga safu ya vyumba vya kupangisha. Na mwisho wa ukumbi palikuwa na chumba kimoja kidogo, mlango wa mbao, kufuli ya shaba. Alipoolewa Zamzam aliuliza ni cha nini.

"Stoo," alisema Bi Kaltuma.

"Kuna nini ndani?"

"Vitu."

Basi ikawa stoo. Mara nyingi mama huyo alikuwa akiweka mkeka wake pale pale mlangoni pa stoo, anasuka tabaga, ile mifuniko ya chakula ya ukindu wa rangi, mgongo ameuegemeza kwenye mbao. Zamzam alidhani ni kwa sababu ya ubaridi.

Mpangaji aliyepakana na stoo hiyo alikuwa Mercyline, mama wa Kiluhya anayepika chapati barabarani, mwenye kicheko cha kusikika mpaka relini. Hakuwa na muda mrefu hapo. Siku moja alimkuta Zamzam akianika nguo.

"Mama Sauda, sasa? Kwani siku hizi mnalaza mgeni kwa hiyo stoo yenu?"

"Mgeni gani?"

"Aki mimi si mtu wa udaku, unanijua."

"Nakujua, ndiyo maana nacheka."

"Cheka tu. Mimi mchana nikikanda unga, huyo mathe wenu anajibu salamu. Waalaykumu salaam, waalaykumu salaam, hivyo tu, kama kasuku. Sasa mimi si Muislamu, lakini hii Makina nimekaa, najua salamu huanzwa na mwenye anakuja. Huyo anamjibu nani?"

Zamzam akabana nguo kwa kibanio, kikamponyoka. "Ni mama anaswali. Mwisho wa swala tunatoa salamu."

"Sawa." Mercyline akainama kuokota kibanio, akampa. Sauti aliishusha. "Lakini mbona akimaliza anacheka?"

Mumewe Zamzam aliitwa Marjan, fundi cherehani, kibanda chake kiko Laini Saba. Mtu mrefu, mpole, wa maneno ya kuhesabika. Walipooana, kabla hata hina haijafifia mikononi, alimkalisha akamwambia: "Zamzam, mimi si msemaji. Lakini likiwepo la kukuumiza, utalisikia kwa mdomo wangu kwanza. Hutalisikia kwa majirani." Neno hilo lilimtuliza kuliko mahari. Wengine wanashikilia dhahabu, yeye alishikilia neno hilo.

Na kila Alhamisi Marjan alikwenda Kawangware. Kupeleka nguo za wateja, alisema. Zamzam hakuwahi kuona shida, mpaka siku ile alipokuwa uani anasugua sufuria na kusikia mazungumzo nyuma ya ukuta.

"Mtoto anakua?" Hiyo sauti ya Bi Kaltuma.

"Anakua, Mama. Amenifanana mpaka kucha." Hiyo ya Marjan. Marjan wake, na kile kikohozi chake kidogo kabla ya kusema jambo.

"Na mama yake, hajambo? Kawangware pamemkubali?"

"Pamemkubali. Nampenda yule, Mama."

"Na huyu wa hapa?"

"Huyu wa hapa? Huyu si anasugua sufuria."

Sufuria ikamteleza. Akaingia ndani na mikono imejaa jivu na sabuni. Bi Kaltuma alikuwa amelala juu ya mkeka wake, mdomo wazi, anakoroma. Marjan hakuwapo. Ametokea mlango wa nyuma, alijisemea Zamzam, wamenisikia nakuja, mmoja amekimbia na mwingine amejilaza. Hata hakujiuliza jinsi mzee wa magoti mabovu anavyoweza kujilaza upesi hivyo. Chuki ikishaingia huwa haina hesabu.

Marjan alipokuja jioni, angemuuliza. Neno moja tu. Hakumuuliza. Akampakulia chakula akaondoka.

Kuanzia hapo nyumba ile ikawa ya watu wanaotembea kwa vidole. Bi Kaltuma akaacha kula chakula cha mkono wa mkwe wake. Sahani inafunikwa kwa tabaga, tabaga halifunuliwi, chakula kinalala. Akiulizwa, "Nimeshiba." Baadaye ikajulikana kwamba na yeye alisikia yake, alimsikia Zamzam jikoni akisema, "Hiki kizee kitatutoka lini tupumue?" Na Marjan naye, masikini, alisikia mkewe akiongea na mwanamume kwenye simu, simu yenyewe iko mezani inachaji mbele ya macho yake. Kila mmoja na lake, na hakuna aliyeuliza mwenzake. Wakawa wanabandika masikio kwenye kuta, nasi Waislamu tumekatazwa kuchunguzana. Na kadiri walivyosikiliza ndivyo kuta zilivyopata la kusema, na ile harufu ya jivu la maji ikawa inakutana nawe ukumbini hata ukiwa umechoma udi asubuhi na jioni, inakaa kwenye mitandio, inakaa kwenye nywele za mtoto.

Kisha Zamzam akaona viatu. Viko ndani ya mfuko wa Marjan, chini ya vitambaa: ndara ndogo za mvulana, mpya. Wao wana Sauda peke yake, na Sauda ni msichana.

Alhamisi hiyo Marjan alirudi magharibi inaingia. Zamzam alimsikia akivua viatu nje. Akamsikia akisema mlangoni, "Assalamu alaykum, enyi wa nyumbani." Alikuwa amekaa kitandani, chumbani, taa haijawashwa. Akabana midomo. Salamu ya Muislamu kuijibu ni faradhi, analijua hilo tangu utotoni, lakini alijisemea, leo simjibu, aione hiyo. Akaiacha salamu ya mumewe ipotelee gizani.

Marjan akaingia chumbani anatabasamu, uso umemlainika kama wa bwana harusi.

"Eeh! Leo nimepokewa vizuri," akasema.

Ananidhihaki, aliwaza Zamzam. Akageukia ukutani.

Alhamisi iliyofuata alimfuata. Mercyline alipoelezwa alilifunika karai lake la mafuta hapohapo.

"Nakusindikiza. Mtu haendi kufumania peke yake, atafanya kitu kijinga. Nikiwa hapo tutafanya wawili, tugawane lawama."

Walimwona Marjan mbali mbele yao, kofia yake inaonekana juu ya vichwa vya watu, mfuko kwapani. Kawangware ni vichochoro, lakini kofia ile haikupotea. Akakata kwenye kiwanja cha vyumba vya mabati, nguo za mtoto zimeanikwa, akaingia bila kubisha. Wakasikia kicheko chake. Zamzam alikuwa hajakisikia kicheko hicho nyumbani tangu kiangazi.

Nje palikuwa na mtoto wa kiume anacheza na kifuniko cha chupa. Amevaa ndara zile. Na uso ni ule ule wa Marjan, paji lile lile, mpaka kucha.

"Wuoi," alinong'ona Mercyline. "Huyu ni fotokopi."

Zamzam alikuja na matusi, ameyapanga njia nzima. Lakini alipofika kwenye kizingiti, mazoea ya mama yake yakamtangulia. Ulimi ukasema wenyewe:

"Assalamu alaykum."

Ndani kikombe kilianguka. Mwanamke akatokea mbio, mtandio umemteleza, akasimama mbele yake machozi yamejaa. "Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh," alisema, na tena, na tena, kama mtu aliyekuwa na kiu. "Waalaykumu salaam. Karibu, dada. Karibu ndani."

Ule haukuwa uso wa mke mwenza. Ulikuwa uso wa Marjan aliyevaa hereni.

"Zamzam," alisema Marjan nyuma yake, amepauka. "Huyu ni Batuli. Dada yangu. Mama mmoja, baba mmoja."

Zamzam akakaa pale pale kwenye kizingiti. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mumewe ana dada.

Kumbe, kabla Zamzam hajaolewa, Batuli alitoroka nyumbani kwa sababu ya mwashi mmoja aitwaye Wanzala, Mkristo wa huko Busia, aliyekuja kuwapigia lipu. Wanzala alisilimu baadaye kwa hiari yake, msikitini wanamwita Isa, na nikaha yao ikasomwa. Ndipo Batuli akarudi siku ya Idi kuomba radhi. Lakini Bi Kaltuma alikuwa ameshaapa, na Marjan naye amemwapisha mkono juu ya msahafu: jina la Batuli lisitajwe ndani ya nyumba ile, na akija asijibiwe. Na mtaa mzima ulimwogopa Bi Kaltuma, ukanyamaza.

"Nilisimama mlangoni," alisema Batuli, mtoto amempakata. "Nikatoa salamu. Kimya. Na miguu ya Mama naiona chini ya pazia, amekaa pale. Nikatoa ya pili. Marjan namsikia analia. Nikatoa ya tatu, maana baada ya tatu unatakiwa uondoke." Akampangusa mtoto pua. "Ya tatu nilijibiwa."

"Na nani?" Marjan akauliza. "Hakuna aliyejibu. Nilikuwapo."

"Na sauti ya Mama. Lakini miguu ya Mama ilikuwa mbele yangu, na sauti ilitoka nyuma, chumbani kwangu, kile cha mwisho wa ukumbi. Ikasema, waalaykumu salaam, pita. Pita, pita, nimekungoja. Taratibu hivyo. Nikakimbia mpaka relini bila viatu."

"Hukuniambia hata siku moja, Batuli."

"Ungeniamini?"

Zamzam akamgeukia mumewe. "Uliapa usimtaje ndani ya nyumba. Na nje ya nyumba? Sokoni? Njiani? Mimi nilikuwa sina masikio nje?"

Marjan aliangalia mikono yake, ile mikono ya sindano. "Nilizoea," alisema. "Nilizoea kunyamaza. Nisamehe."

Hapo ndipo Zamzam naye akayatapika yote, ya kufuli, ya ukutani, ya harufu. Marjan akatoa lake la simu. Wakatazamana, kwa sababu sasa walijua kwamba kwa miezi yote hiyo hakuna kati yao aliyeyasema maneno yale.

Mercyline, aliyekaa kimya kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akasema, "Sasa mimi ndio nimepakana na hicho kitu ukuta kwa ukuta? Na kodi mnachukua?"

Walipofika Makina, Batuli wamemwacha kwake, Bi Kaltuma alikuwa kwenye mkeka wake. Hakuwasikia wakiingia. Shavu ameliweka kwenye mbao za mlango wa stoo, macho amefumba, anaongea polepole kwa Kinubi, kama mtu anayebembeleza mtoto alale. Na kutoka ndani ya stoo, nyuma ya kufuli ya shaba, sauti ilikuwa inamjibu. Marjan aliikamata mikono ya mkewe mpaka ikauma, kwa sababu sauti ile walikuwa wametoka kuisikia sasa hivi, Kawangware. Ilikuwa ya Batuli.

"Mama!" akaita Marjan.

Mzee akafumbua macho. Hakustuka. Alikuwa na aibu tu, kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Ananiita Mama," alisema. "Tangu ile Idi. Mwanzo niliogopa, nikafunga kufuli. Lakini kila siku ananiita Mama, ananiuliza nimekula nini. Najua si yeye. Mimi si mjinga, Marjan, najua si yeye. Ningefanyaje? Wangu nilimfukuza kwa kiapo changu mwenyewe."

Basi akaitwa Maalim Sebit. Alikuwa kijana bado, ndevu za kuhesabika, anafundisha madrasa na kwenda huku na huku kwa pikipiki, lakini kisomo anacho. Akakaa mbele ya stoo akaanza kusoma. Alisoma kwa muda mrefu. Na kila alipomaliza kuomba, kabla watu hawajafungua midomo, stoo ilisema, "Amin," kwa sauti ya Bi Kaltuma, kisha kwa ya Marjan, kisha kwa sauti ya Maalim Sebit mwenyewe, na hapo Maalim akafunga kinywa, akajifuta jasho kwa kanzu.

"Huyu hakuvunja mlango," alisema wakiwa nje. "Mtu wenu aliacha salamu pale mlangoni, mkaikataa, na yeye akaiokota. Amekaa humu kwa salamu hiyo. Mimi naweza kumchosha, kumtoa siwezi. Mwenye salamu aje aitoe upya, na aliyeikataa aijibu. Kwa mdomo wake mwenyewe. Na amuwahi huyu."

Ikawa Ijumaa baada ya swala, jua utosini, mtaa umejaa watu wa kanzu. Batuli akaja na Wanzala na mtoto, akasimama nje ya mlango ule uliomkataa. Ndani alikaa Bi Kaltuma, Zamzam kamshika bega huku, Marjan kamshika kule.

"Assalamu alaykum," alisema Batuli.

"Waalaykumu salaam!" Stoo ilijibu kwa nguvu, kwa furaha, na mabati yote ya nyumba yakalia kana kwamba mvua imeshuka, na mdomo wa Bi Kaltuma bado ulikuwa unahangaika kufunguka.

"Jibu, Mama," alinong'ona Zamzam. "Jibu upesi."

"Assalamu alaykum, Mama."

Safari hii stoo haikujibu salamu. Ilianza kulia, na kilio kilikuwa cha Batuli, Batuli wa utotoni, Batuli wa surua na wa kuanguka kwenye mtaro, ikasema Mama usimjibu huyo wa nje, humjui huyo, mimi ndiye niliyekaa nawe, mimi ndiye niliyekuuliza umekula nini kila siku huyu akila na mumewe Kawangware, ukimjibu mimi nakwenda wapi, Mama, nani ataniita mwanangu, na ile harufu ya jivu ikajaa ukumbi mpaka Marjan akakohoa, na mlango wa stoo ukawa unapumua, unatoka na kurudi kwenye bawaba zake, na Zamzam akahisi bega la mkwewe likigeuka chini ya mkono wake, taratibu, linageukia kule ndani.

Na nje Batuli alikuwa na moja tu iliyobaki. Ikipita hiyo, lazima aondoke.

"Mama," alisema Zamzam sikioni, "usisikilize. Angalia. Nenda ukamwone uso."

Akamwinua. Magoti yale mabovu yakanyooka. Bi Kaltuma akatembea ukumbi mzima, mkono ukutani, nyuma yake kilio kinamvuta kama mtu ameshika kanga yake, na mara moja alisimama, na Zamzam akamsukuma, ndiyo, alimsukuma mkwewe mgongoni, Mungu amsamehe. Mzee akalishika pazia akalivuta mpaka likachanika. Akamwona mwanawe kwenye jua.

"Assalamu alay..."

"Waalaykumu salaam!" Bi Kaltuma alipiga kelele, hakungoja hata imalizike. "Waalaykumu salaam, Batuli! Batuli! Ingia kwenu!"

Nyuma kufuli ya shaba ikaanguka sakafuni. Upepo ukapita ukumbini, moto kama wa tanuri, ukawapita miguuni, ukatoka. Mtoto wa Batuli peke yake ndiye aliyesema kitu, alisema ana kiu.

"Anaitwa nani huyu?" aliuliza Bi Kaltuma.

"Bakhit, Mama. Jina la Baba."

Mzee akakaa chini kwenye vumbi, mbele za watu wote wa Ijumaa, akampokea.

Stoo ilifunguliwa na Marjan. Kitanda cha msichana, shuka iliyokula vumbi, viatu vya Batuli vya siku ile ya Idi, alivyoviacha mlangoni akikimbia. Vumbi la sakafuni halikuwa na alama hata moja. Ila mbao za mlango, upande wa ndani, zilikuwa zimelika zikang'aa kama sabuni, kimo cha shavu la mtu aliyeketi.

Walipiga chokaa, wakafukiza udi, wakaweka dirisha. Bi Kaltuma akaanza kula. Alilifunua tabaga mbele ya mkwe wake, akasema, "Chumvi imezidi," na Zamzam alifurahi kuliko angesifiwa.

Jioni moja Zamzam na mumewe walikaa ukumbini, chai ya tangawizi kati yao. Bi Kaltuma na Sauda walikuwa Kawangware. Marjan siku hizi alikuwa anajifunza kusema.

"Ile Alhamisi ya viatu," alisema, "nilikuwa nimeamua kukueleza kila kitu. Njia nzima nayapanga maneno. Lakini ulivyonijibu pale mlangoni nikaona nisiharibu."

"Nilivyokujibu?"

"Waalaykumu salaam, mume wangu, nimekukumbuka. Hujawahi kunijibu vile. Nilikuja chumbani nacheka peke yangu."

Zamzam akaweka kikombe chini. Alijiona amekaa kitandani, taa haijawashwa, midomo ameibana.

"Marjan," alisema polepole. "Mimi siku ile sikukujibu. Nilikuwa na hasira. Niliiacha salamu yako."

Wakatazamana. Na kutoka chumbani kwao, nyuma ya pazia, na harufu ya jivu la maji ikija nayo taratibu, sauti ya Zamzam ikaita kwa upole:

"Baba Sauda. Unaongea na nani huko? Njoo, mimi niko huku."

Marjan alikuwa nusu ameinuka. Lazima, mtu akiitwa na mkewe huinuka. Zamzam hakumshika. Alibaki amemtazama tu, macho yamejaa maji, kwa sababu alijua kwamba hana cha kumwonyesha, hana ushahidi, ana neno lake peke yake, na huko ndani kuna neno jingine lenye sauti ile ile.

Marjan akakaa. Akasogeza chai pembeni. Akamshika mkewe mikono yote miwili.

"Assalamu alaykum, Zamzam," alisema.

Zilitoka sauti mbili kwa pamoja, moja chumbani na moja mbele yake, zimelingana kama nyayo za mtu mmoja. Marjan hakugeuza shingo. Alikuwa anaangalia midomo ya mkewe.

Na mpaka leo, ukipita Makina ukasalimu kwenye nyumba ile, hutajibiwa kutoka ndani. Utangoja. Mtu atatoka, atasogeza pazia, atakuangalia usoni, ndipo atakwambia waalaykumu salaam, karibu. Na ukijibiwa kabla hujamwona mtu, vaa viatu vyako uende.